Lumbesa Katika Jedwali la Elementi

Ndugu msomaji, najua kurasa hizi tumezizoea kwa visa vya mapenzi, mashairi na malalamiko ya vijana tusio na kazi. Leo naomba univumilie, nimekuja na kemia. Lakini usigeuze ukurasa haraka hivyo. Kemia ninayoileta ni historia, tena historia yenye vita na vifo ndani yake. Yumo pia mwandishi wa riwaya mmoja ambaye watu wamesahau karibu kila alichoandika, isipokuwa neno moja alilolitoa kwenye chakula cha jioni. Na imo Tanzania yetu. Hayo yote sikuyapata darasani. Nimeyaokota ukubwani, nikiwa nimekwishafeli.

Mambo yalianza hivi. Ilikuwa jioni ya mwezi wa saba hapa Namanyere, ule wakati ambapo upepo wa Ufipa unapenya hata kwenye tundu la ufunguo na kila mtu anagombea nafasi karibu na jiko la mkaa. Mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tatu, alikuwa amefunua daftari mapajani. Mara akaniuliza:

“Kaka, hivi hii klorini thelathini na saba inakaa wapi humu kwenye jedwali? Nimetafuta mwanzo mpaka mwisho, siioni.”

Moyo ukanilipuka paa. Swali hilo ndilo lililonimaliza mimi. Nilipokuwa kidato hicho hicho, kwenye jaribio moja tuliambiwa tuonyeshe mahali pa isotopu za klorini katika jedwali la elementi. Nikachora kisanduku kipya ubavuni mwa kile cha klorini, nikaandika ndani yake 37, nikajiona nimefanya la maana. Karatasi ikarudi na mkasi mkubwa wa wino mwekundu. Kosa langu liko wapi, sikuelezwa. Simlaumu mtu. Tulikuwa wengi, na jedwali lilikuwa moja tu ukutani, limechanika kona mbili. Toka siku hiyo nikawa nakariri kama kasuku: isotopu ni atomi za elementi moja zenye protoni sawa na nutroni tofauti. Mtihani wa mwisho ukaja, kemia nikaambulia F, nikarudi nyumbani kulima maharage na kuandika riwaya ambayo hadi leo haijaisha.

“Zinakaa chumba kimoja,” nikamjibu. “Klorini zote, nyepesi na nzito, zinakaa namba kumi na saba.”

“Sasa kwa nini? Si uzito wake ni tofauti?”

Hapo nikakwama. Nikamwambia asubiri kidogo. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, ingawa limechelewa miezi kadhaa.

Nianzie sokoni, maana huko sote tunakujua. Msimu wa mahindi ukifika, wanunuzi wanakuja na malori yao. Gunia wanalolitaka siyo lile lililoshonwa mdomo likakaa vizuri. Wanataka lumbesa. Gunia linajazwa, linashindiliwa, kisha linaongezewa kichwa juu na kufungwa kwa kamba kama kilemba. Mkulima akilalamika anaambiwa, “Mzee, gunia ni gunia.” Kwenye daftari la mnunuzi linaandikwa moja. Hesabu moja, bei moja, mzani mwingine kabisa. Kwa mkulima huo ni wizi, na nimeuona kwa macho yangu kwenye mahindi ya baba. Lakini kwa upande wa atomi, ndivyo dunia ilivyoumbwa. Isotopu ni lumbesa. Hesabu ni ile ile, mzani ndio tofauti. Na historia ya jedwali la elementi ni historia ya wataalamu waliotegemea mzani kwa miaka zaidi ya arobaini, mpaka mzani ukawadanganya mchana kweupe.

Mwaka 1869 Mrusi mmoja, Dmitri Mendeleev, alizipanga elementi 63 zilizokuwa zinajulikana kwa kufuata uzito wa atomi zake, kutoka nyepesi kwenda nzito. Akaona tabia zinajirudia kila baada ya hatua fulani, kama kiitikio katika wimbo. Mahali ambapo tabia haikulingana aliacha nafasi wazi na kutabiri kwamba mwenye nafasi hiyo atapatikana. Naam, galiamu ikapatikana mwaka 1875, jermaniamu mwaka 1886, zikaingia sawasawa kama ufunguo kwenye kufuli.

Lakini palikuwa na doa. Teluriamu ina uzito wa 127.6 na iodini ina 126.9. Kwa mzani, iodini ingetangulia. Kwa tabia, iodini ni ndugu wa klorini na lazima ije nyuma. Mendeleev akafuata tabia, akasema bila shaka waliopima teluriamu wamekosea. Kumbe hawakukosea. Mwaka 1894 Waingereza Rayleigh na Ramsay wakagundua gesi ya agoni katika hewa hii tunayovuta, na mambo yakazidi kuharibika. Agoni ina uzito wa 39.95, potasiamu 39.1. Ukishika mzani peke yake, agoni, gesi pole isiyotaka kuungana na yeyote, itakwenda kukaa na sodiamu inayofoka ikiguswa na maji, na potasiamu itakwenda kukaa na gesi pole. Upuuzi mtupu! Wakazibadilisha nafasi, basi, bila kujua kwa nini. Huyo agoni mkumbuke, msomaji wangu. Tutarudi kwake.

Kisha yakaja mafuriko. Mwaka 1896 Henri Becquerel wa Ufaransa aligundua kwamba uraniamu inatoa mnururisho wenyewe, bila kuchokozwa. Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie wakaipata radiamu. Kati ya mwaka 1901 na 1903, huko Montreal, Kanada, Ernest Rutherford na Frederick Soddy wakaonyesha jambo lililowatisha hata wao wenyewe: thoriamu inageuka kuwa kitu kingine. Kuanzia hapo kila aliyechunguza alitoka na kitu kipya chenye muda wake wa kuoza na jina lake: ionamu, mesothoriamu, radiothoriamu, radiamu D na wengineo. Baada ya miaka michache vilikuwa zaidi ya thelathini. Sasa hesabu vyumba. Kutoka risasi, namba 82, mpaka uraniamu, namba 92, vyumba ni kumi na kimoja tu, na vingine vilikuwa na wenyewe tayari. Wageni thelathini na zaidi wamesimama uani na mizigo yao. Walale wapi?

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba baadhi ya wageni hao hawakutaka kutengana na wenyeji. Ukichanganya radiamu D na risasi, hutaitoa tena. Mhangari mmoja kijana, George de Hevesy, alipewa kazi hiyo na Rutherford huko Manchester. Akahangaika, akashindwa. Akaenda Vienna, akaungana na Friedrich Paneth, wakajaribu kila njia iliyojulikana na wanakemia. Wakashindwa wote wawili. Mababu zetu hapa Ufipa walikuwa na malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo moto wake ulimtenga chuma na jiwe. Ilikuwa kazi kubwa, lakini iliwezekana, maana chuma na jiwe ni vitu viwili. Kwa radiamu D na risasi haukufaa moto, haikufaa tindikali, halikufaa chujio.

Hevesy hakukaa akalia. Mwaka 1913 yeye na Paneth wakasema: kama haviwezi kutengana, basi radiamu D na itumike kama alama ya kufuatilia risasi inakokwenda. Katika kushindwa huko ikazaliwa njia inayotumika hospitalini mpaka leo. Mgonjwa wa tezi ya shingo anapewa iodini yenye mnururisho, na tezi inaipokea kama iodini nyingine yoyote, kwa sababu tezi haina mzani. Inatambua tabia tu. Hevesy akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilifunga kitabu, nikatoka nje kidogo. Kumbe kuna kufeli na kufeli.

Soddy wakati huo alikuwa amehamia Glasgow, Scotland. Yeye ndiye aliyethubutu kusema lile ambalo wengine walilizunguka: vitu hivi havitengani kwa sababu ni elementi moja. Uzito tofauti, umri wa kuoza tofauti, lakini elementi moja, chumba kimoja. Mwaka huo huo wa 1913, Soddy na Kazimierz Fajans, kila mmoja kivyake, walitoa kanuni ya kuhama. Atomi ikitoa chembe ya alfa, inarudi nyuma vyumba viwili. Ikitoa chembe ya beta, inasogea mbele chumba kimoja.

Hebu tuifuate uraniamu 238 tuone. Inaanzia namba 92. Inatoa alfa, inashuka hadi namba 90, kwa thoriamu. Inatoa beta, inakwenda 91. Inatoa beta tena, iko wapi? Namba 92. Imerudi nyumbani! Ni kama kijana wa hapa kwetu aliyepanda basi kwenda Sumbawanga, akapitiliza mpaka Tunduma kutafuta maisha, na baada ya miaka anarudi Namanyere amekonda. Mlango ni ule ule, jina ni lile lile, mama anamwita kama alivyomwita siku zote. Kilichopungua ni kilo tu. Uraniamu iliyoondoka na 238 imerudi na 234, na hakuna wa kuiambia ikapange kwingine.

Soddy alikuwa na wazo, lakini hakuwa na jina. Ndipo anapoingia yule mwandishi niliyekuahidi. Siku moja, kwenye chakula cha jioni nyumbani kwa wakwe zake huko Glasgow, Soddy alieleza wazo lake. Mezani alikuwepo Margaret Todd, daktari na mwandishi wa riwaya. Enzi hizo mwanamke kusomea udaktari ilikuwa vita, na kuandika ilikuwa vita nyingine. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1892 ikisimulia habari za msichana anayesomea udaktari, aliitoa kwa jina la kiume, Graham Travers. Todd akamsikiliza Soddy, akampa maneno mawili ya Kigiriki: isos, yaani sawa, na topos, yaani mahali. Isotopu: wa mahali pamoja. Soddy akalitumia katika jarida la Nature, Desemba 1913. Mwenyewe akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1921. Todd alikuwa amekwishafariki mwaka 1918.

Wenzangu mnaoandika katika kurasa hizi, mnaona? Jibu la swali lililonifelisha lilikuwa ndani ya jina lenyewe, na jina hilo lilitungwa na mtu wa kazi yetu. Ningeambiwa hilo tu, mahali pamoja, nisingechora kile kisanduku changu cha ubavuni.

Lakini jina siyo ushahidi. Kama Soddy anasema kweli, basi risasi iliyotokana na uraniamu iwe nyepesi kuliko risasi ya kawaida, na iliyotokana na thoriamu iwe nzito zaidi. Lilikuwa jambo la kupimwa. Ilihitajika risasi safi, iliyozaliwa na uraniamu peke yake, ndani ya jiwe la zamani sana ambalo halikuchanganyika na risasi ya nje. Jiwe hilo lilitoka wapi? Nilipopasoma mahali hapo nilirudia mara mbili. Morogoro!

Ndiyo, Morogoro hii hii. Katika milima ya Uluguru, wakati wa Wajerumani, palikuwa na machimbo ya ulanga mahali paitwapo Lukwengule. Humo yalionekana madini meusi mazito ya uraniamu. Mwaka 1906 mwanakemia Mjerumani Willy Marckwald alieleza madini mapya yaliyotoka huko, akayaita rutherfordini kwa heshima ya Rutherford, na mpaka leo vitabu vya madini duniani kote vinaitaja Morogoro kuwa asili yake. Madini ya uraniamu ya Morogoro yakafika Vienna, mikononi mwa Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz. Kati ya mwaka 1914 na 1915 waliitoa risasi iliyokuwamo, wakaisafisha na kuipima kwa uangalifu mkubwa. Risasi ya kawaida ina 207.2. Risasi ya Morogoro ilikuwa kama 206.05. Mwaka 1914 pia, Theodore Richards wa Marekani alipima risasi ya madini mengine ya uraniamu akaona jambo lile lile. Basi, mjadala ukaisha. Risasi mbili, tabia moja, chumba kimoja, mizani miwili.

Vitabu vinawataja waliopima jiwe lile. Waliolichimba havitaji. Naye Stefanie Horovitz, mwanamke wa Kiyahudi aliyezaliwa Poland, mikono yake ndiyo iliyoitenganisha risasi yetu. Wanazi walimuua Treblinka mwaka 1942. Mdogo wangu nilipomsimulia hili alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nimwandikie jina hilo nyuma ya daftari.

Hata hivyo swali lake la “kwa nini” lilikuwa bado. Kama siyo mzani, basi ni nini kinachompa mtu chumba? Jibu lilitoka kwa kijana mwingine, Henry Moseley. Mholanzi Antonius van den Broek alikuwa amekisia kwamba namba ya chumba ni sawa na chaji chanya iliyomo kwenye kiini cha atomi. Mwaka 1913 na 1914, Moseley alizipiga elementi moja baada ya nyingine kwa elektroni mpaka zikatoa eksirei, akapima eksirei zile. Zilipanda hatua kwa hatua kama ngazi, kila chumba ngazi moja, bila kuruka. Kumbe mpangilio haukuwa wa kilo hata siku moja. Ulikuwa wa hesabu. Agoni ni 18, potasiamu ni 19. Teluriamu ni 52, iodini ni 53. Mendeleev alikuwa sahihi kuwapanga alivyowapanga, ila sababu yake ndiyo haikuwa sahihi.

Moseley hakuishi kuyafaidi. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza alijiunga na jeshi, akauawa Gallipoli, Uturuki, tarehe 10 Agosti 1915, akiwa na miaka 27. Vita hiyo hiyo ilifika na kwetu. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Kasanga, kule kwenye Ziwa Tanganyika, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Na Novemba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilisalimisha silaha Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, ng’ambo ya mpaka wetu na Zambia. Mababu zetu waliobebeshwa mizigo ya vita ile hawakujua habari za Moseley, wala yeye hakujua habari zao. Moto uliowateketeza ulikuwa mmoja.

Baada ya vita, mwaka 1919, Francis Aston wa Cambridge alitengeneza chombo kinachozitenga atomi kwa uzito wake, kwa kuzirusha kwenye nguvu za umeme na sumaku. Nzito inapinda kidogo, nyepesi inapinda sana. Akaikuta klorini imegawanyika mafungu mawili: 35 na 37. Katika kila klorini nne, kama tatu ni za 35 na moja ni ya 37. Ile 35.45 iliyoandikwa kwenye jedwali ni wastani wao. Na mwaka 1932 James Chadwick akaipata nutroni, chembe isiyo na chaji inayokaa ndani ya kiini pamoja na protoni. Hapo lumbesa ikafunguliwa kamba. Protoni ndizo zinazohesabiwa, ndizo zinazompa mtu namba yake, jina lake na chumba chake. Nutroni ndizo kile kichwa kilichoongezwa juu ya gunia: zinaongeza kilo, haziongezi hesabu. Na kwa kuwa atomi huungana na wenzake kwa elektroni, na idadi ya elektroni hufuata idadi ya protoni, ndiyo maana tabia za isotopu hazitofautiani sana.

Basi ndivyo jedwali la leo lilivyo. Elementi ni 118, vyumba 118. Bati lina isotopu kumi zisizooza, zote zinakaa namba 50. Dhahabu ina moja tu, inakaa peke yake kama sultani. Haidrojeni ndiyo imependelewa kidogo: isotopu zake mbili nzito, deuteri iliyogunduliwa na Harold Urey mwaka 1931 na triti, zimepewa majina yake na hata herufi zake, D na T, lakini chumba hazikupewa. Zinalala namba moja pamoja na mama yao. Anayetaka kuziona isotopu zote moja moja, na zinazojulikana ni zaidi ya elfu tatu, anatumia chati nyingine kabisa, inayohesabu protoni upande mmoja na nutroni upande wa pili. Na ile namba ya uzito? Umoja wa kimataifa wa wanakemia, IUPAC, umeanza kuandika namba mbili badala ya moja kwa baadhi ya elementi, kwani wastani hubadilika kufuatana na mahali kitu kilipotoka. Mwaka 2021 risasi nayo ikaingia katika orodha hiyo: kutoka juu kidogo ya 206 hadi chini kidogo ya 208. Jiwe la Morogoro lilikuwa limesema hayo miaka zaidi ya mia moja nyuma.

Nilikuahidi tutarudi kwa agoni. Kwa nini ni nzito kuliko jirani yake potasiamu? Kwa sababu agoni nyingi ya dunia hii ni mtoto wa potasiamu. Potasiamu 40, ambayo ni chache mno, huoza polepole, nusu yake kwa miaka bilioni moja na robo. Sehemu kubwa inageuka kalisi, na kama moja ya kumi inageuka agoni 40. Katika nyota, agoni iliyo nyingi ni ile nyepesi ya 36. Hapa duniani agoni ya potasiamu imejaa hewani mpaka wastani ukazidi wa mzazi wake. Kitendawili kilichomsumbua kila mpangaji wa jedwali kilikuwa kinatoka mawe yanavyozeeka.

Na mawe hayo ndiyo yaliyotupa umri wetu. Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus Olduvai. Mume wake Louis alikisia lina miaka laki sita. Mwaka 1961 yeye na wataalamu wa Berkeley, Evernden na Curtis, walitangaza umri uliopatikana kwa kupima agoni iliyojikusanya katika majivu ya volkano ya pale: miaka milioni 1.75. Mwaka wa uhuru wa Tanganyika ndio mwaka ambao nchi ilijua uzee wake, na saa iliyotumika ni vyumba viwili vya jirani, 18 na 19.

Nimalizie hapa karibu. Ukisimama ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa ukatazama chini, unaliona bonde la Ziwa Rukwa. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba chini ya bonde hilo kuna heliamu nyingi, gesi inayotumika kupoozea mashine kubwa za hospitali. Kati ya mwaka 2021 na 2024 visima vya majaribio vikachimbwa. Heliamu hiyo ni nini? Ni zile chembe za alfa. Kila uraniamu na thoriamu iliyohama vyumba viwili katika mawe ya zamani ya huku kwetu iliacha nyuma heliamu moja, namba 2, uzito 4, na joto la volkano likaja kuifungua. Kwa hiyo kanuni ya Soddy ya mwaka 1913 haipo daftarini tu. Iko chini ya miguu yetu inangoja mnunuzi. Na sisi wa Rukwa tunaowajua wanunuzi wa mahindi, tunajua kinachompata mtu asiyejua tofauti ya hesabu na mzani. Ndiyo maana sitaki mdogo wangu akariri.

Nilipomaliza kumsomea yote haya, alichukua kalamu akachora kisanduku kimoja. Juu akaandika 17, chini 35.45. Akakitazama muda mrefu.

“Kaka, kwa hiyo ukitafuta dunia nzima, hakuna klorini hata moja yenye uzito wa 35.45?”

“Hata moja.”

Akacheka. “Basi ni kama wastani wa darasa letu. Mwalimu anausoma kila muhula, lakini hakuna aliyeupata.”

Nikamwambia hilo silo nililolikuta kitabuni, ila aliandike.